Mbweha wa Adhuhuri

Kazi niliyostaafu nayo mwaka huu haina jina zuri kwa lugha yoyote ninayoijua. Kwenye kitambulisho iliandikwa kwa Kiarabu maneno marefu yanayomaanisha udhibiti wa wanyama waharibifu. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia wageni kwamba mwanawe anafanya kazi serikalini, na akaishia hapo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tukipiga njiwa na mbweha katika mashamba ya pembezoni mwa Maskati, wenye mashamba walipotuita. Tangu niondoke, vijana wa kitengo wananipigia simu kuniuliza hili na lile, na nimeona nafuu niandike mara moja. Vyeo sitavigusa, kwa kuwa havikunifundisha kitu. Nitaandika siku chache za mashambani ambazo bado zinanijia nikiwa nimekaa peke yangu.

Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa Wadi Kabir, imebanwa kati ya gereji ya mabomba ya moshi na duka la matairi. Ukizungumza na simu ilibidi ungoje fundi wa jirani apumzishe nyundo. Aliyenipokea alikuwa mzee mmoja aliyezaliwa Unguja akaja Oman kijana, tukimwita Ami Nasibu. Siku hiyo sikupewa bunduki. Nilipewa gunia la njiwa waliokufa na fungu la vijiti.

"Unajua kusimamisha maiti?" aliniuliza tukiwa garini.

Nikamjibu sijui.

"Utajua. Wengine huanza na bunduki, ndiyo maana hawapati kitu."

Tulikwenda shamba moja la Yiti, bondeni nyuma ya kijiji, ambapo njiwa walikuwa wakimaliza nafaka iliyomwagwa kabla haijaota. Ami Nasibu aliwalaza wale njiwa kifudifudi, mmoja mmoja, akachomeka kijiti ardhini chini ya kidevu cha kila mmoja ili kichwa kiinuke. Wote aliwaelekeza upepo unakotoka.

"Njiwa hali akiwa ameupa upepo mgongo," alisema. "Manyoya yatamfumuka. Ukimgeuza mmoja tu vibaya, walio juu wanajua kuna jambo. Na macho yafumbe. Jicho la maiti linang'aa vingine."

Ukirudi nyuma hatua chache ulikuwa huoni tena wafu. Ulikuwa unaona kundi linalokula kwa utulivu mkubwa kuliko kundi lolote lililo hai. Tukaingia kwenye kibanda cha makuti, tukangoja. Njiwa wa kweli walikuja kutoka upande wa mlima, wakazunguka, wakashuka. Sikushangaa kwamba wamedanganyika. Nilishangazwa na walivyofanya baada ya kutua: walitembea katikati ya wafu wakiokota punje, wakiwapita kwa adabu, kama unavyowapita watu msikitini ukitafuta nafasi. Hakuna aliyestuka. Niliwatazama muda mrefu mpaka Ami Nasibu akanigusa bega.

"Hukuletwa kutazama. Na usisahau bismillahi, hawa wanaliwa."

Hilo nalo liandikeni. Bunduki ya marisau haina muda wa pili. Jina la Mungu litangulie kidole, la sivyo wafanyakazi wa shamba watakaopewa wale njiwa hawatawala, na watakuwa na haki. Wapo waliosema bismillahi na risasi ikakosa. Kukosa huko Ami Nasibu alikuita riziki ya njiwa.

Shule niliiacha mapema, basi mengi nilijisomea mwenyewe. Nilinunua vitabu vya ndege na wanyama vilivyochakaa, vya Kiarabu na vya Kiingereza, nikavisoma na kamusi pembeni. Mifupa nilijifunza kwa kuchemsha vichwa uani, katika sufuria ambayo mama aliniambia isirudi jikoni mwake hata ikisuguliwa na mchanga wa Makka. Mwenzangu Hamed, kijana wa Bustan aliyeajiriwa baada yangu, akanibandika jina la Ustadh. Hakuwa na nia ya kunisifu.

Somo lililonifaa kuliko yote lilitokana na siku ambayo hatukupiga njiwa hata mmoja. Ilikuwa asubuhi, shamba lile lile la Yiti. Tuliwapanga maiti wetu sawasawa, upepo ulikuwa mzuri. Njiwa walikuja, wakazunguka juu yetu, wakapanda juu zaidi, wakaondoka. Kundi la pili likafanya hivyo hivyo. Halafu hawakuja wengine. Nikagundua kwamba hata shorewanda wa kwenye mitende wamenyamaza, na kwamba kwa muda nimekuwa nikisikia pumzi yangu.

"Kusanya," Ami Nasibu alisema.

"Mbona mapema, Ami?"

"Kusanya, nimekwambia. Kimya hiki hatukukileta sisi."

Alitoka kibandani polepole, akaenda kando ya ukuta wa udongo nyuma yetu. Nikamfuata. Mbweha alikuwa amelala pale kivulini, amekunja miguu kama paka, macho wazi, anatutazama. Alikuwa nyuma ya migongo yetu muda wote. Tulimkaribia kiasi cha kuona ute ukimning'inia mdomoni, na hakuinuka. Niliwahi kuona wanyama wakiwa na hofu na wengine wakiwa na hasira. Huyu hakuwa na lolote katika hayo mawili. Ami Nasibu alimpiga kifuani, akanizuia mkono nilipotaka kumvuta.

"Glavu. Na usimpige kichwa kamwe mbweha wa namna hii, madaktari wa wanyama wanakitaka kichwa kizima. Halafu la kwanza utazame mdomo. Ujue amemuuma nani kabla hajafika kwetu."

"Ana nini?"

"Mbweha mzima anakuogopa. Ukikutana na asiyekuogopa, si yeye tena anayekutazama. Kuna kitu kimekaa ndani yake."

"Kitu gani?"

"Si weye msomaji? Kasome."

Nikasoma. Kwa Kiswahili huitwa kichaa cha mbwa, hata kama mbwa hayumo katika habari. Ni kirusi kidogo mno kinachopita kwenye mishipa ya fahamu, taratibu, kutoka penye jeraha mpaka ubongoni, na huko humwondolea mnyama woga kwanza. Mtu aliyeumwa akichanjwa mapema, anapona. Dalili zikitangulia, dawa haina kazi tena. Nilipomaliza kusoma nilitambua kwamba maneno ya Ami Nasibu na ya kitabu hayakupishana sana.

Ami Nasibu alistaafu, akafariki. Nikawa mkubwa wa zamu, na Hamed akawa mwenzangu wa gari. Hamed alikuwa na kipaji kimoja nisichokuwa nacho: akinyonya nyuma ya kiganja chake alitoa sauti ya sungura aliyejeruhiwa, kali na nyembamba, karibu na ya mtoto mchanga, na mbweha walikuja. Ukiwa kwenye kificho ukaisikia sauti ile, unaelewa kwa nini wake wa mashambani walikuwa wakifunga madirisha. Mbweha humwoni akija. Unatazama mahali patupu, unapepesa macho, na mahali pale pana mbweha.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Alitupigia simu mtu mmoja aitwaye Suleiman, mwenye shamba bondeni Yiti. Familia yao ilitoka Unguja kama yetu. Suleiman alikuwa akishinda kazini mjini, na shambani alikaa mama yake, Bi Zuwena, pamoja na msichana wa kazi kutoka Tanzania aitwaye Neema, na wafanyakazi wawili wa shamba. Alisema njiwa wanammalizia mbegu, na kwamba leo asubuhi amemwona mbweha akipita katikati ya mbuzi bila ya kumgusa hata mmoja. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyeguswa. Akasema hakuna.

Tulifika jua likiwa limepanda, tukawasimamisha maiti wetu kwenye konde la mbegu, tukaingia kibandani. Suleiman alibaki nyumbani na mama yake. Adhuhuri ikafika. Wafanyakazi waliswali, wakajilaza. Hakukuwa na kivuli popote isipokuwa chini ya mitende, na hewa juu ya konde ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba wale njiwa wafu walionekana wanapumua. Hakuna njiwa hai aliyekuja. Niliisikia pumzi yangu, nikaikumbuka ile asubuhi na Ami Nasibu, nikageuka kutazama nyuma.

Nyuma hapakuwa na kitu. Nilipogeuka tena mbele, mbweha alikuwa kwenye konde.

"Sijaita," Hamed alinong'ona. "Wallahi sijatia kiganja mdomoni."

Alikuja wazi, juani, kwa mwendo wa mtu anayerudi kwake. Alipofika kwa njiwa wetu hakunusa, hakula. Alipita baina yao mpaka katikati, akakaa kitako, akanyoosha shingo. Alitazama upande ule ule tuliowaelekeza wale maiti, upepo unakotoka. Akatulia kama wao.

"Ustadh," Hamed akasema, "huyu anafanya nini?"

"Nyamaza."

"Kakaa safu. Angalia, kakaa safu nao."

Sijui alikaa vile kwa nini. Nimesoma sana baadaye na sikupata kitabu kinachoeleza. Baada ya muda aliinamisha kichwa, akang'ata kijiti kilichokuwa chini ya kidevu cha njiwa mmoja, akakitafuna polepole kikavunjika, na kichwa cha njiwa kikaanguka. Ute ulimtiririka. Nilisema bismillahi kwa mazoea, ingawa hapakuwa na wa kumla, nikampiga kifuani kwa bunduki ya risasi moja.

Tulivaa glavu. Nilimfungua mdomo kwa koleo. Kwenye meno ya juu, upande wa kushoto, kulikuwa na kipande cha nguo kilichojiviringa kwenye jino, na nilikivuta taratibu mpaka kikatoka chote. Kilikuwa chekundu, kina nusu ya korosho nyeusi na mstari mweupe. Hamed alikuwa amechuchumaa kando yangu. Sote wawili tumekulia miguuni mwa wanawake waliovaa nguo ile, hatukuhitaji kuulizana. Kilikuwa kipande cha pindo la kanga.

Katika bonde lile hapakuwa na nyumba nyingine ambayo wanawake wake wanavaa kanga.

Tulimtia mbweha katika mifuko miwili na sanduku la barafu, tukanawa, tukaenda nyumbani. Bi Zuwena alikuwa amekaa barazani juu ya jamvi, na mwanawe pembeni yake. Kichwani alikuwa amejitanda kanga nyekundu yenye korosho nyeusi pindoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Nimeusikia mlio. Mmempata?"

"Tumempata. Lakini mdomoni tumemkuta na hiki." Nilimwonyesha kile kipande ndani ya mfuko wa plastiki.

Alikitazama mara moja, akaangalia kwengine. Suleiman alisimama.

"Mama, amekugusa?"

"Nitazame. Nnaumwa?"

"Mama, jibu."

Bi Zuwena aliivua kanga kichwani, chini akiwa na kitambaa kingine, akaitandaza mbele yetu juu ya jamvi, akaipangusa kwa mikono miwili kama mtu anayeuza. Pembe zote nne zilikuwapo. Pindo halikuwa na hata uzi uliochomoka.

"Hii hapa, nzima. Huyo mbweha wenu katoa wapi nguo, sijui. Majaa yamejaa matambara huko bondeni."

Suleiman alishusha pumzi. Hamed naye aliridhika, na mimi, nasema kweli, niliridhika kwa muda wa kutembea kutoka barazani mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimeshika mlango nilipomkumbuka mke wangu na dada yake wakigombania mkasi nyumbani, nani akate doti, kila mmoja akiogopa kuipindisha. Kanga hainunuliwi moja. Hununuliwa doti, mbili zimeshikana, ndipo hukatwa.

Nikarudi.

"Bibi," nikasema, "ya pili iko wapi?"

Suleiman alinitazama mimi, kisha mama yake, kisha sinia ya kahawa iliyokuwa kwenye jamvi, ambayo Bi Zuwena aliileta mwenyewe.

"Neema yuko wapi?" aliuliza.

"Nimempa ruhusa. Kaenda kwa mwenzake Wadi Kabir."

"Siku ya kazi?"

"Kwani mfungwa?"

"Mama, ile nusu nyengine ulimpa Neema. Mlivaa sare Idi."

"Nenda kaniletee maji," Bi Zuwena akamwambia. Suleiman akasita. "Nenda, nimekwambia."

Alipokwenda, bibi alilipiga jamvi kwa kiganja, nikakaa. Alizungumza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kondeni.

"Mama yangu alikuwa na mdogo wake. Alitokewa na kitu adhuhuri, shamba, mnyama asiyekimbia. Kikamgusa mkono, kidogo tu. Watu wakakitaja. Huyu akamwambia yule, akapelekwa kwa huyu na kwa yule, kila mlango wakikitaja. Jeraha likapoa, tukasahau. Halafu siku moja akaletewa kikombe cha maji, akapiga ukelele. Maji tu. Akawa ana kiu na kikombe kikimkaribia anakipigia makelele. Nilikuwa mdogo, nimeyasikia kwa masikio yangu. Alipokufa, mama akasema walikiita wenyewe kwa kukitaja. Katika nyumba yetu, mtu akiguswa na kitu cha namna ile, hakitajwi mpaka mwaka ugeuke."

"Neema ameguswa lini?"

Macho yake hayakutoka kondeni.

"Bibi, yule mama mdogo wako alipata sindano?"

"Sindano gani, enzi zile?"

"Basi Neema anaweza kuzipata. Lakini leo. Kitu kile kinatembea, Bibi. Kipo njiani ndani ya mwili wake, na dawa lazima ifike kabla yake. Kikitangulia, maji yale utayaona tena."

"Weye unataka niseme."

"Sitaki useme hata neno. Panda gari, unionyeshe njia kwa mkono."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani amekataa. Kisha akajitanda kanga yake, akashika ukuta, akainuka.

Suleiman alimchukua Hamed na sanduku kwenye gari lake kuelekea maabara ya mifugo. Mimi nilimchukua Bi Zuwena. Tulipanda ile barabara ya mlimani tukateremka upande wa Bustan, na njia nzima hakufungua mdomo. Nilipowasha redio aliizima. Kila njia panda aliinua kidole kimoja kutoka ndani ya kanga, akakielekeza, akakirudisha. Nimeendesha gari miaka mingi na watu wasemao sana na wasemao kidogo, lakini kimya kile kilikuwa na uzito. Ilikuwa kama kuna mtu wa tatu aliyelala kiti cha nyuma na sisi tunachelea kumwamsha.

Wadi Kabir tuliingia mitaa ya nyuma ya magereji, nisiyopata kuipita ingawa ofisi yangu ilikuwa karibu. Kidole kilisimama kwenye mlango wa bati la buluu. Nikabisha. Akafungua mwanamke mnene, mwenzake Neema, mkono umejaa unga.

"Mnamtaka nani?"

"Neema."

"Neema hayupo hapa."

Kutoka nyuma ya pazia ikatoka sauti. "Bibi? Bibi, mimi sijasema kitu, jamani. Hata huyu sijamwambia."

"Najua, mwanangu," Bi Zuwena alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Yiti. "Vaa, twende."

Neema alitoka akichechemea, msichana mrefu wa Iringa, amejifunga ile kanga ya pili kiunoni. Upande mmoja pindo lilikuwa limechanika. Nilimwomba aniruhusu nione mguu. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na alama mbili za meno, na juu yake kovu bichi la chuma cha moto, jeusi pembeni.

"Jana asubuhi, nikianika nguo," alisema kwa sauti ndogo. "Yule hakuniuma sana, kaka. Chuma cha Bibi ndicho kimeniuma."

"Kimekuuma kwa kuwa kina kazi," Bi Zuwena akasema.

Nilimkalisha bombani uani, nikamwambia auoshe mguu kwa sabuni, aendelee tu, asiache mpaka nimwambie. Mwenzake alisimama akitutazama, unga ukimkauka mikononi. Neema alianza kulia taratibu huku akisugua.

"Hospitali wataandika. Wakiandika, si nitarudishwa nyumbani? Bado mkataba wangu. Nina wadogo zangu kule wananitegemea."

Mimi sikuwa na mamlaka ya kumwahidi chochote. Bi Zuwena ndiye aliyemjibu.

"Atakayekurudisha aanze na mie."

Hospitalini daktari alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Alimfunua mguu, akaona kovu la chuma, akakunja uso, akauliza kwa Kiarabu nini kilichomuuma. Neema alimtazama Bi Zuwena. Bi Zuwena alitazama ukuta. Daktari akauliza tena, mara hii polepole, kama mtu anayedhani hakueleweka.

Nikamgeukia bibi. "Mimi si mtu wa nyumba yako. Naweza kusema?"

Alifikiri. Kisha akasimama nyuma ya kiti cha Neema, akamziba masikio yote mawili kwa viganja vyake, akambana kichwa kwenye tumbo lake kama mtoto anayenyolewa.

"Na yako, Bibi?"

"Yangu yameshasikia. Sema. Usipaze sauti."

Nikaeleza: mbweha, mchana, ute, kipande cha kanga, sanduku lililo njiani kwenda maabara. Daktari hakukunja uso tena. Alimwita muuguzi, na mambo yakaenda mbio. Neema alidungwa kuzunguka jeraha, akadungwa mkononi, akapangiwa siku za kurudi kwa sindano nyingine. Alipodungwa kwenye jeraha aling'ata pindo la kanga. Muda wote huo Bi Zuwena hakuondoa mikono kwenye masikio yake, ingawa nilikuwa nimekwisha kusema zamani.

Majibu ya maabara yalirudi kama nilivyohofia. Kitu kilikuwamo. Nilimpigia Suleiman, naye akaniomba nisimwambie mama yake kwa simu. Nilimwambia sina haja, mama yake alijua kabla ya maabara.

Ninyi mliobaki kazini, jambo la kutazama mdomo mmeshalisikia kutoka kwangu mara nyingi, na la kichwa kizima pia. La kuongeza ni hili: mtu akikwambia hakuna aliyeguswa, huenda anakwambia kweli kadiri anavyojua. Uliza nani hayupo nyumbani leo.

Mwaka uligeuka. Neema alimaliza sindano zake zote, na daktari akasema yu salama, aende zake. Mkataba wake uliandikwa upya. Kabla sijakabidhi bunduki yangu nilipita Yiti na Hamed kuaga, maana pale palikuwa pamekuwa kama kwetu. Suleiman alikuwapo. Tulikaa barazani, Hamed akawa anawachekesha kwa kisa cha mimi kuchemsha fuvu kwenye sufuria ya mama. Neema alileta sinia ya maji na halua, kisha akataka kuondoka.

"Ngoja," Bi Zuwena akasema.

"Bibi, nimekunywa asubuhi. Na jana jioni."

"Hiyo ya asubuhi ilikuwa ya asubuhi."

"Wageni watanicheka."

"Hawatacheka."

Neema alichukua bilauri moja kwenye sinia, akasimama wima mbele yetu. Hamed aliacha kisa chake katikati. Suleiman aliinamisha uso. Nilitambua kwamba nimezuia pumzi, na kwamba kila mtu barazani ameizuia. Neema aliinua bilauri mpaka mdomoni, macho yake yakimtazama Bi Zuwena juu ya ukingo, akanywa. Tulisikia kila funda likipita. Alikunywa yote, akaigeuza bilauri juu chini kuonyesha kwamba ni tupu, akairudisha kwenye sinia.

"Haya," Bi Zuwena alisema, "ya leo hiyo."